Matumizi ya Mtalaka Yasiyoandikwa, Mbele ya Kodi

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Malindi. Mama zangu mliokaa nyuma, shikamooni.

Naanza na Marekani, maana vijana wetu wako huko na maswali yao yanatufikia huku.

Chukueni mfano. Mume na mke wametengana kule mwaka 2016. Wazee wamekaa, wamekubaliana: mume atoe dola 800 kila mwezi za matumizi ya mke. Hakuna kilichoandikwa, lakini analipa, na risiti za benki anazo. Machi 2017 wakaenda kwa wakili wakatia sahihi mapatano. Je, zile za Januari na Februari anaweza kuzitoa kwenye mapato yake kabla ya kukatwa kodi? Hawezi. Sheria ya wakati ule ilitaka hukumu ya talaka, amri ya mahakama au mapatano ya kutengana yaliyoandikwa, tena yawepo kabla hela haijatoka. Risiti yaonyesha ulilipa tu. Kwamba ulilazimika kulipa, haionyeshi. Na kuandika baadaye kwamba mapatano yahesabiwe tangu nyuma hakumsaidii.

Mama zangu, hapa nisikizeni sana. Malipo yasiyoandikwa hayakuwa mapato ya kutozwa kodi kwa mpokeaji vilevile. Inaniuma nikisikia mwanamke ameambiwa na mtalaka wake, "Mimi nimeshayatoa kwenye mapato yangu, wewe yalipie kodi," na waraka hakuna. Asikubali!

Kisha sheria ikabadilika. Kwa talaka na mapatano ya baada ya tarehe 31 Desemba 2018, katika kodi ya serikali kuu ya huko, mtoaji hapunguziwi na mpokeaji hatozwi. Kwa hiyo aliyekaa na ahadi ya mdomo tangu 2016, akiiandika leo anaingia sheria mpya. Ule unafuu wa zamani umempita. Matumizi ya watoto hayakupunguza kodi hata zamani.

Hapa Kenya, Sheria ya Kodi ya Mapato hairuhusu kutoa gharama za kujitunza na kutunza jamaa. Uandike usiandike, kodi yako kwa KRA, mamlaka ya mapato, haipungui.

Hata hivyo andikeni, kwa ajili ya Kadhi. Bwana atasema nilileta, bibi atasema hukuleta. Ujumbe wa M-Pesa waonyesha hela imekwenda, lakini ilikuwa ya eda, ya mtoto, au ni deni ulikuwa unalipa? Andikeni kiasi, tarehe na ni ya nini, nyote wawili mtie sahihi mbele ya mashahidi.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama.