Kisigino cha hamali, ubao na bamvua

SALMA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Leo tuko na mahamali wa gatini, na yeyote anayekula kwa miguu yake. Mwenzangu Athman amebeba saruji hapa Lamu miaka mingi kabla hajashika maikrofoni.

ATHMAN: Waaleikum salaam. Saruji, mchanga, majokofu ya watu, yote. Bi Salma, vijana wananiuliza: kisigino kinauma kwa nyuma asubuhi ukishuka kitandani, ukitembea kidogo kinaachia, jioni kinarudi. Wapumzike? Na wakipumzika nani atawalisha? Hamali hulipwa kwa mzigo.

SALMA: Mara nyingi hiyo ni kano ya kisigino, ile inayoshika shavu la mguu na mfupa. Ndiyo kano nene kuliko zote mwilini, ila damu inayoifikia ni haba, kwa hivyo hupona polepole. Ikichoshwa kila siku, inaharibika upesi kuliko inavyojitengeneza.

ATHMAN: Basi apumzike.

SALMA: La! Akilala mwezi mzima maumivu yatatulia, lakini kano itazidi kulegea. Akirudi kwenye mfuko wa kilo 50, anaanza upya. Na kujikaza tu vilevile si dawa. Kano inataka mzigo wa kipimo. Mimi huwaambia waangalie asubuhi ya pili: ukiamka na maumivu yaleyale ya jana, kazi ya jana uliiweza. Yakizidi, punguza leo.

ATHMAN: Upunguzeje, na nahodha anapiga kelele chombo kitolewe mizigo?

SALMA: Wewe ndiwe unayejua gati, tuambie.

ATHMAN: Maji yakijaa, jahazi linakaa karibu sawa na ukingo, unavuka tu. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, chombo kiko chini kabisa. Ubao umesimama hivi, mfuko begani, vidole vimeshika ubao na kisigino kinaning'inia nyuma. Tena ubao una utelezi.

SALMA: Hapo hapo! Kisigino kikishuka chini ya vidole, kano inavutika na kubanwa dhidi ya mfupa. Anayeumwa pale pale inapoungana na mfupa, huo ubao ndio unaommaliza.

ATHMAN: Basi dawa yake tunayo. Maji yakipwa, mwenye kisigino abaki juu, apokee mizigo na kuipeleka kwa miguu hadi dukani au kwenye punda. Wazima wapande ubao. Maji yakijaa wabadilishane. Sisi tulifanya hivyo kwa mwenzetu, hakuna aliyenung'unika. Aa, mmoja alinung'unika, lakini yule hunung'unika hata akipewa chai.

SALMA: Tena avae kiatu chenye kisigino kidogo, si champali iliyolala. Hata kipande cha soli cha sentimita moja chini ya kisigino kinasaidia.

ATHMAN: Na yale mazoezi ya ngazi?

SALMA: Yalienea tangu 1998, baada ya daktari wa Sweden, Alfredson, kuandika matokeo yake. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu. Panda kwa miguu miwili, kisha shuka taratibu kwa ule unaouma. Mara 15, pumua, rudia hadi zitimie seti tatu. Asubuhi na jioni, wiki 12.

ATHMAN: Wiki kumi na mbili!

SALMA: Ndiyo, na wengi huacha ya tatu. Anayeumwa pale kwenye mfupa afanye sakafuni, asishushe kisigino chini ya usawa.

ATHMAN: Wengine humeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asubuhi, wakabeba.

SALMA: Maumivu yanazibwa, mzigo haupungui. Sindano ya steroidi karibu na kano hiyo siiafiki, inaweza kuidhoofisha hadi ikakatika. Na sipro, yaani siprofloksasini, ile antibiotiki watu wananunua kwa kuhara: nayo ni katika kundi la dawa zinazoweza kudhuru kano, na Marekani iliziwekea onyo kali 2008. Mwambie mwuza dawa una kisigino kibovu. Ukisikia "paa!" nyuma ya mguu, kama umepigwa teke, na huwezi kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku hiyohiyo.

ATHMAN: Punda wa Lamu walifunguliwa kliniki yao 1987. Punda akichechemea, mwenyewe anaambiwa asimtwike. Hamali akichechemea anaambiwa "kaza, kijana".

SALMA: Wallahi.

ATHMAN: La mwisho: kuna anayesema atembee mchangani, ufukwe wa Shela, pekupeku, mchanga ni laini.

SALMA: Kisigino kinazama, shavu linafanya kazi maradufu. Kama anataka kutembea, afuate ule mchanga mgumu ulioachwa na maji.