Shikilia Kidole: mazungumzo na akina mama wa soko la Kibuye, Kisumu

Hamjambo, mama zangu. Sitawachelewesha, najua kuna aliyeacha omena juani.

Mama mmoja aliniletea simu kibandani akalalamika, "Kijana, hii imezeeka." Nikamwomba anipige picha. Akatelezesha kurasa nne, akaipita kamera, akarudi kuitafuta. Simu haikuwa na ugonjwa wowote. Skrini yake ya mwanzo ilijaa tu aikoni, vile vipicha vya kufungulia programu, kama matatu ya Kondele jioni.

Hebu toeni simu. Mwenye ya vibonyezo atuvumilie. Weka kidole juu ya aikoni ya kamera, usiguse na kuachia: shikilia. Umeona kijiorodha kimechomoza? Selfi, video. Hizo ndizo njia za mkato. Android ilizileta kwenye toleo la 7.1, mwaka 2016. iPhone 6s ilitangulia mwaka mmoja, ila yenyewe ilitaka uikandamize skrini kwa nguvu. Miaka yote hiyo mnatembea nazo kwenye leso.

Na kamera yenyewe, kwenye simu nyingi, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili chapuchapu, inafunguka. Hakuna kutafuta.

Sasa turudi kwa yule mama. Alikuwa amewatoa wateja kumi na mmoja kutoka WhatsApp na kuwaweka kwenye skrini ya mwanzo, kila mmoja na kiduara chake cha picha. Namwelewa, mteja ni mteja. Lakini unaweza kuwabandika wachache juu kabisa ndani ya WhatsApp, wakakaa huko huko. Tukambakishia mmoja tu nje, yule anayemletea samaki kutoka Dunga, kwa sababu humtafuta kila alfajiri. Huyo ana haki ya kukaa mlangoni. Wengine waingie ndani.

Kuondoa ndiko kunakotetemesha watu. Ukiitoa aikoni kwenye skrini ya mwanzo, programu haijafa. Telezesha kidole juu, utaikuta na wenzake wote. Kuifuta programu ni jambo jingine, na simu hukuuliza kwanza kama una hakika. Ukiona swali hilo na hukukusudia, kataa. Zipo simu zinazoweka kila kitu nje, hazina hiyo droo ya kutelezesha juu. Kwa hizo, kusanya aikoni kwenye folda.

Tochi, data na hotspoti viko kwenye pazia la juu ya skrini, livute tu chini. Zile programu za tochi zenye matangazo, mimi ningezifuta leo hii. Kisha shikilia mahali patupu, ingia kwenye mipangilio, uzime ile ruhusa ya programu mpya kujiweka kwenye skrini. Usipoizima, baada ya mwezi utarudi kwangu.

Yule mama alibaki na ukurasa mmoja: simu, ujumbe, WhatsApp, M-Pesa na mtu wake wa samaki. Nyuma yake ikatokea picha ya mjukuu, ambayo aikoni zilikuwa zimeifunika usoni. Akaisogeza karibu na macho. "Kumbe hapa alikuwa ameshaota jino!"

Haya, ya nani imegoma? Niletee hapa mbele.