Blanketi Kuukuu Liwe Kinga ya Dirisha

Haya, karibuni. Leo tunachukua mablanketi yaliyochoka na shuka zilizopauka, tunashona pazia nene la kuzuia baridi dirishani usiku. Jua likiwa kali, pazia hilohilo linazuia joto mchana. Dirisha hili ni sentimita 120 kwa 120. Nimeongeza 10 kila ubavu, 15 juu na 15 chini, kwa hiyo pazia ni 140 kwa 150.

Fua kila kitu, kisha anika mpaka kikauke kabisa, hasa kwenye mapindo. Ukifungia unyevu humo ndani utaotesha kuvu. Mimi napenda sufu kuliko vyote, maana haishiki moto upesi kama pamba. La poliesta linafaa pia. Blanketi lenye matundu ya nondo liache, mayai yao huenda bado yamo.

Kata shuka vipande 2 vya 144 kwa 154. Blanketi likate dogo kidogo, 138 kwa 148, tabaka mbili. Shuka uso kwa uso, shona pande tatu, mshono sentimita 2 kutoka ukingoni, juu pabaki wazi. Geuza. Hapo hapana ugumu.

Sasa ingiza blanketi kama unavyovalisha mto foronya. Ngoja nisogeze kamera... mnaiona kona ile ya kushoto? Limejikunja, pamekuwa na donge, na pembeni yake pamebaki kitambaa kitupu. Baridi itapita papo hapo. Shika kona kwa nje, kung'uta, sukuma kwa kidole. Eeh, limekaa. Funga upande wa juu kwa mshono.

Hapa naomba mtulie. Tunashikiza tabaka ili blanketi lisiporomoke chini. Usipige mistari ya cherehani pazia zima! Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukibana kitambaa, hewa inatoka, na kila mstari wa mshono unakuwa njia ya baridi. Tumia sindano ndefu na uzi mnene: shusha sindano mpaka ng'ambo, ipandishe sentimita 1 pembeni, funga fundo. Kila sentimita 25, fundo moja. Na fundo lenyewe usilikaze. Kidole kipite chini ya uzi. Tazama hili la katikati, kitambaa kimeingia shimo, limekazwa mno. Kata, rudia. Ukimaliza bonyeza kwa kiganja na uachie. Pazia lijae tena. Lisipojaa, legeza mafundo. Narudia: usibane.

Kuning'iniza. Fimbo ya kawaida ya pazia siitaki, kwa sababu inaacha mwanya juu. Hewa iliyo kati ya pazia na kioo hupoa, inakuwa nzito, inashuka na kutokea chini, huku ikivuta hewa ya chumbani iingie kwa juu. Mzunguko huo ukiendelea usiku kucha, unene wote ule hausaidii kitu. Kwa hiyo funga ubao wa sentimita 140 ukutani juu ya dirisha, skrubu kila sentimita 30. Velkro, ule utepe wa pande mbili zinazong'ang'aniana, upande laini ishone kwenye pazia, upande mgumu igongee ubaoni kwa pini za stepla. Gundi peke yake itabanduka, pazia ni zito. Mbavuni weka vipande vifupi vya velkro, na kwenye pindo la chini pitisha mnyororo mwembamba ili lilale ukutani.

Hita, jiko na mshumaa viwe mbali na pazia. Na mabaki usiyatandaze darini juu ya taa au nyaya: joto likikosa pa kutokea, moto unaweza kuzuka. Blanketi la nyumbani halina dawa ya kuzuia moto.

Asubuhi fungua pazia, pangusa kioo. Usiku kioo kinakuwa baridi zaidi nyuma ya pazia, na mvuke wa chumbani hugeuka maji pale. Ukipaacha na maji muda mrefu, fremu ya mbao inaweza kuanza kuoza.

Vipande vilivyobaki? Kata utepe wa shuka wenye upana wa sentimita 25 na urefu wa mlango, shona mrija, jaza mabaki ya blanketi na mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa vizuri kila mwisho. Ulaze chini ya mlango, usukume mpaka uguse kizingiti.