Taa za Adorno

Mabibi na mabwana,

Mjini Frankfurt, Ujerumani, katika barabara iitwayo Senckenberganlage, zipo taa za kuongozea magari zinazojulikana kama taa za Adorno, ingawa kwa umbo hazitofautiani na taa nyingine yoyote ya barabarani.

Theodor Adorno, mwanafalsafa aliyezaliwa mjini humo mwaka 1903 na kurejea mwaka 1949 baada ya miaka mingi ya uhamishoni, alikuwa na chuo kikuu upande mmoja wa barabara hiyo na Taasisi ya Utafiti wa Jamii upande wa pili. Mwaka 1962, ajali zilipokwisha kutokea mahali hapo, aliliandikia barua gazeti la Frankfurter Allgemeine Zeitung akidai hatua zichukuliwe. Alieleza kwamba mwanafunzi au profesa anayepita pale akiwa amezama katika fikra, hali ambayo ndiyo hasa inayomstahili, hutishiwa kifo papo hapo. Naomba tuitazame hoja hiyo kwa makini, kwa kuwa mwombaji mwingine angewataja watoto na wazee, na pengine angesikilizwa upesi zaidi. Adorno hakumtaka mwenye kuwaza azinduke; aliitaka barabara imsubiri.

Wala haukuwa mzaha wa profesa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 alikwisha kuandika jinsi nguvu ya injini inavyomtia dereva kishawishi cha kuwafyeka wanyonge wa barabarani, yaani waenda kwa miguu, watoto na waendesha baiskeli. Barua ile ni fikra hiyohiyo iliyovaa vazi la ombi la raia.

Taa ziliwekwa mwaka 1987, miaka 18 baada ya kifo chake. Mji huo unayo pia kumbukumbu rasmi, kazi ya msanii Vadim Zakharov ya mwaka 2003: meza, kiti, taa ya mezani na metronomu, yaani kifaa cha kupimia mapigo ya muziki, vyote ndani ya kioo. Ni kazi nzuri, lakini kiti chake hakikaliki na mtu. Mimi nazipenda zaidi zile za barabarani, hata kama kuna kejeli kidogo kwamba mtu aliyeutilia shaka utii anakumbukwa kwa chombo cha kuamrisha. Mpita njia, kitabu kwapani, mguu mmoja umeshashuka ukingoni, huiona nyekundu na kuurudisha. Kijani ikiwaka huendelea na safari na wazo lake, na magari husubiri, injini zikinguruma, mpaka avuke.