Gavana wa Mwisho wa Tanganyika

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, popote mlipo. Leo tunamzungumzia Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa Tanganyika. Kaka Salum, mtu huyu ananisumbua.

SALUM: Kwa lipi, dada yangu?

REHEMA: Kwetu anasifiwa kama Mwingereza muungwana aliyeelewana na Mwalimu Nyerere. Lakini kabla hajaja Dar es Salaam alikuwa nani?

SALUM: Hapo umegusa penyewe. Alizaliwa 1909, akaingia serikali ya kikoloni ya Kenya mwaka 1931. Miaka mingi aliimalizia kaskazini, nchi ya ukame na ngamia, akapanda hadi kuwa mkuu wa jimbo lote la mpakani. Mau Mau ilipopamba moto akapewa usalama wa ndani na ulinzi. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa serikali, chini ya gavana Evelyn Baring.

REHEMA: Basi kambi za kizuizini za Manyani na Mwea, vijiji vya lazima vilivyozungushiwa seng'enge, yote hayo yalikuwa kazi ya serikali aliyoitumikia akiwa juu kabisa. Mimi siwezi kulirukia hilo.

SALUM: Wala tusilirukie. Ila ndilo linaloeleza yaliyofuata. Anafika Dar Julai 1958 kumrithi gavana Edward Twining. Twining alikuwa hataki kuisikia TANU, chama cha Mwalimu. Matawi yalifungwa, Mwalimu alipigwa marufuku kuhutubia mikutano, na kikasimamishwa chama cha UTP kuipinga TANU.

REHEMA: Na kura tatu juu yake!

SALUM: Kura tatu, enhe. Vijana wanaotusikiliza wanaweza kudhani ni utani. Ukiingia kupiga kura unalazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Usipotimiza watatu, kura yako imeharibika. Na hata kuandikishwa kulikuwa na masharti ya kipato au elimu.

REHEMA: Bibi yangu alikuwa akisema walipimwa kama magunia ya pamba. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Januari 1958, Tabora, Mwalimu akawashawishi waingie hivyohivyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake, ANC.

SALUM: Sasa mtazame Turnbull. Anafika, kesi ya Mwalimu iko mahakamani, kesi ya kuwakashifu maafisa wa serikali kwenye gazeti la Sauti ya TANU. Agosti hukumu inatoka: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Kama Mwalimu angechagua jela, nchi ingekuwaje?

REHEMA: Ingewaka.

SALUM: Na gavana alilijua hilo kuliko yeyote, kwa sababu ametoka kwenye moto. Aliwaonya wakubwa wake London kwamba fujo zikianza Tanganyika zitakuwa Mau Mau na Maji Maji kwa pamoja. Nchi kubwa namna hii, polisi wachache, askari wachache. Wangeizuiaje?

REHEMA: Tena si koloni. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, wakaguzi wanakuja, Mwalimu ameshakwenda New York tangu 1955 kusema. Pale huwezi kufanya kama Nyeri kule Kenya.

SALUM: Mwalimu akalipa faini. Oktoba, Turnbull akasimama mbele ya Baraza la Kutunga Sheria akakiri kwamba huko mbele Waafrika ndio watakaokuwa wengi barazani na serikalini. Gavana kulitamka hilo hadharani! Wakati huo duru ya kwanza ya kura tatu imeshapita, na UTP imeshapigwa mwereka.

REHEMA: Ndiyo maana nakataa kusema alitupa kitu. Waliompa akili ni wanachama waliouza kadi vijijini, akina Bibi Titi Mohamed waliozunguka mikoani. Yeye alisoma alama za nyakati.

SALUM: Nakubali, lakini kusoma nako kuna watu wasioweza. Twining alikuwa na alama zilezile mbele yake. Turnbull akamwita Mwalimu, wakaketi, wakazungumza kama watu wenye kazi moja. Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

REHEMA: Na hicho kimoja, Mbulu, alikichukua mwana-TANU aliyesimama mwenyewe!

SALUM: Ha! Ndiyo. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikashuka, naye akabaki gavana mkuu hadi tulipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye.

REHEMA: Halafu Aden, koloni la Waingereza kule Yemen. Watu wanaishia kwenye bendera, hawafiki Aden.

SALUM: Walimpeleka huko 1965. Bila shaka waliona, huyu alifaulu Tanganyika, atafaulu tena. Akakuta mabomu mitaani, makundi mawili yenye silaha yakigombea mji, na masheikh wa bara ambao Waingereza waliwategemea lakini mji hauwataki. Mei 1967 wakamwondoa, kabla Waingereza wenyewe hawajafungasha Novemba.

REHEMA: Mtu yuleyule, maarifa yaleyale. Aden hapakuwa na TANU ya kukaa nayo mezani.

SALUM: Hapo ndipo ulikuwa unanipeleka tangu mwanzo, dada.

REHEMA: Tangu mwanzo, kaka.