Jeni Zinazounda Misuli Kabla Hatujazaliwa

(Mhadhara uliotolewa Lamu)

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma.

Nguru akiiva, mnofu wake huachana pande pande, zimepangana tangu kichwani hadi mkiani. Mpango huo ulianza samaki yumo bado yaini. Kuku, punda na binadamu huanza vivyo hivyo: kando ya mgongo wa kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, hujitokeza vibonge vya seli, jozi baada ya jozi, viitwavyo somiti. Kwa kuku jozi mpya hutokea kila dakika 90 hivi. Kwa panya, kama saa 2.

Sehemu ya somiti huwa pingili za mgongo na mbavu, sehemu nyingine huwa misuli. Nyingine hata hazikai hapo. Misuli ya ulimi huu ninaosema nao ilitokana na seli za somiti za kisogoni, zikahamia kinywani. Za mikono na miguu nazo huhama, na bila jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) iitwayo Pax3 hazifiki: panya ambaye Pax3 yake imeharibika hukosa misuli ya miguu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonishughulisha zaidi. Mwaka 1987, huko Seattle, Marekani, watafiti Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar waliwasha jeni moja, MyoD, ndani ya seli za panya zisizo za misuli. Zikageuka misuli! Baadaye hata seli za mafuta na za rangi ya ngozi zilionekana kuwasha jeni za misuli kwa njia hiyo. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya MyoD hushika DNA, uzi unaobeba jeni, mahali maalumu na kuamsha jeni nyingine nyingi. Ilikuwa rahisi kusema: basi, hii ndiyo jeni ya misuli.

Mwaka 1992 Michael Rudnicki na wenzake wakaizima MyoD kwa panya. Panya wakazaliwa, wakaishi, wakazaa, na misuli yao. Watafiti wengine wakazima jeni ya pili, Myf5. Panya hao walikufa baada ya kuzaliwa kwa sababu mbavu zao zilikuwa na kasoro, lakini misuli walikuwa nayo. Mwaka 1993 zikazimwa zote mbili, na hapo misuli ya mifupa, ile inayosogeza viungo, ikakosekana kabisa. (Moyo ni habari nyingine, hautumii MyoD.) Mwaka 2004 ikabainika kwamba jaribio hilo lilikuwa limeidhoofisha pia jeni ya tatu, Mrf4, nayo yaweza kuanzisha misuli.

Ndiyo maana siridhiki nikisikia “jeni ya hiki, jeni ya kile”. Kiinitete hakiweki kazi kubwa hivi mikononi mwa jeni moja. Lakini si kila jeni ina wa kuishikia nafasi: ikikosekana jeni nyingine ya misuli, mayojenini, seli changa za misuli huwapo, ila nyingi hushindwa kuungana kuwa nyuzi, na panya hufa anapozaliwa.

Kazi hiyo haiishi tumboni mwa mama. Mchukuzi akijeruhiwa msuli leo, seli za akiba ambamo jeni ya Pax7 imewashwa, zilizolala kando ya nyuzi, huamka, huwasha MyoD, hugawanyika, kisha huungana kuwa nyuzi mpya.