Kuhesabu mito kwa baiskeli: njia za Auvergne

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli za mashambani Ufaransa, na kwa kuwa nchi ile ni kubwa, nitajifunga kwenye sehemu moja niliyoizunguka kwa matairi yangu mwenyewe, yaani Auvergne, pale mto Allier unapopita chini ya safu ya volkeno zilizolala. Hoja yangu ni moja. Anayepanga safari kule kwa kuhesabu kilomita atafika usiku. Ahesabu mito atakayoivuka, kwa kuwa kila mto unaouvuka utaulipia, ukishateremka kuufikia huna budi kupanda kuuacha.

Tuanzie Clermont-Ferrand, mji uliojengwa kwa mawe meusi ya lava kutoka Volvic, hata kanisa lake kuu likawa kama limefukizwa moshi kwa karne kadhaa. Hapo ndipo kampuni ya Michelin ilipoanzishwa mwaka 1889. Wakati ule tairi la baiskeli liligandishwa kwenye rimu kwa gundi, likipata pancha fundi anahangaika nalo kwa saa kadhaa, kisha gundi inaachwa ikauke hadi kesho yake. Michelin wakatengeneza tairi linalofunguka, na mwaka 1891 Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya Paris–Brest–Paris. Nalitaja hili kwa sababu kila mmoja wetu aliyewahi kuziba pancha kando ya barabara ana deni dogo kwa mji ule.

Mashariki ya mji kuna uwanda wa Limagne, tambarare na wenye rutuba, na magharibi ardhi inasimama kama ukuta. Ninyi mliokulia karibu na Bonde la Ufa hamhitaji maelezo marefu: ardhi ilivutwa, ikapasuka, upande mmoja ukazama. Ufa wa Limagne ulitokea yapata miaka milioni 35 iliyopita, na juu ya ukuta wake, baadaye sana, zikaota volkeno ndogondogo zipatazo 80, zilizopangana kaskazini hadi kusini. Wafaransa wanaziita Chaîne des Puys, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza pamoja na ufa huo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa mwendesha baiskeli, maana yake ni kwamba ukitoka mjini kwenda magharibi, kupitia Royat, unapanda ukuta wa ufa kwanza, na hata volkeno yenyewe hujaigusa.

Kubwa kati yake ni Puy de Dôme, mita 1,465. Haina kasoko. Lava yake ilikuwa nzito kama ugali uliokaza, haikuweza kutiririka, ikajirundika palepale ilipotokea. Ndiyo sababu pande zake ni za kusimama, na barabara inayouzunguka mlima kwenda kileleni hupanda kwa karibu asilimia 12 katika kilomita nne za mwisho. Fausto Coppi alishinda huko mwaka 1952, mara ya kwanza mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipofika kileleni. Tarehe 12 Julai 1964 Jacques Anquetil na Raymond Poulidor walipanda bega kwa bega, viwiko vikigusana, mpaka karibu na mwisho Poulidor alipochomoka; alimpokonya mwenzake sekunde 42, lakini Anquetil akabaki na jezi ya njano, ya anayeongoza mashindano yote, kwa tofauti ya sekunde 14 tu. Wengi husahau kwamba mshindi wa siku ile hakuwa mmoja wao, bali Mhispania Julio Jiménez.

Leo barabara ile imefungwa kwa baiskeli, kwa sababu tangu mwaka 2012 treni ya meno, inayopanda kwa gurudumu lenye meno linaloshika reli, inapita hapo. Tour yenyewe ilirudi mwaka 2023, baada ya miaka 35, na Michael Woods akashinda. Sisi wengine tunaishia kwenye kivuko cha Ceyssat, yaani pengo la mlimani ambapo barabara huvukia, mita 1,078, tunafunga baiskeli, tunapanda kwa miguu njia ya kale inayoelekea kwenye magofu ya hekalu la Mercury, mungu wa Warumi wa kale. Chukueni viatu vya kawaida mfukoni. Mimi nilipanda na viatu vya baiskeli vyenye vibati vya chuma chini, nikawa natembea juu ya mawe kama mbuzi aliyekatwa kwato, na wazee wawili wa Kifaransa wenye fimbo wakanipita wakinisalimu kwa huruma.

Kusini kidogo kuna jambo ninalolipenda kuliko kilele. Lava ya volkeno mbili, Puy de la Vache na Puy de Lassolas, ilimwagika bondeni ikaziba mto Veyre, na nyuma ya ukingo huo likajikusanya ziwa la Aydat. Karibu na hapo kuna kilima kirefu kiitwacho Montagne de la Serre, ambacho zamani kilikuwa sakafu ya bonde. Lava iliujaza mto, ikaganda ikawa jiwe gumu, kisha mvua ya mamilioni ya miaka ikala udongo laini wa pande zote mbili, na bonde likageuka mgongo. Ukipanda pale unahema kuelekea mahali ambapo zamani maji yalikuwa yanateremkia.

Lakini somo langu la mito nililipata Cantal. Ile ni volkeno moja kubwa mno, iliyokufa zamani, na barafu imeichonga mabonde yanayotoka katikati kwenda kila upande: Cère, Jordanne, Maronne, Alagnon na mengineyo. Iwazeni kama gurudumu. Mabonde ni spoku, na kitovu, au habu kama mafundi wetu wanavyoiita, ni milima ya Puy Mary na Plomb du Cantal. Ukifuata spoku moja kwenda kitovuni, unasafiri kwa raha kando ya mto, malisho yenye ng'ombe wekundu wa Salers kulia na kushoto, mpaka kilomita mbili za mwisho kabla ya kivuko cha mlimani cha Pas de Peyrol, mita 1,588, ambapo barabara inabadilika kuwa ngazi. Ukiamua kuzunguka, unakata spoku moja baada ya nyingine. Kutoka Mandailles hadi Saint-Jacques-des-Blats kidole changu kiliivuka ramani kwa nukta moja; miguu yangu ilivuka kivuko cha Pertus, mita 1,309, katika gia nyepesi kuliko zote nilizokuwa nazo, na bado haikutosha.

Kuhusu maji ya kunywa, bomba la kijijini likiandikwa maneno non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa, liacheni. Nendeni makaburini, kwani huwa na bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa kule hujaza chupa hapo. Mimi huvua kofia na kuwasalimu wenyeji kwanza. Mkate nunueni Jumapili, kwa kuwa Jumatatu maduka mengi ya vijijini hufungwa.

Nimalizie na Allier, mto niliodhani utanipumzisha. Kuanzia Clermont kwenda kusini, kupitia Issoire na Brioude, kweli unapumzisha. Baada ya Langeac, bonde linakuwa korongo, na chini ya korongo hakuna nafasi ya njia mbili. Reli iliyokamilishwa mwaka 1870 iliwahi mapema ikachukua ukingo, hivyo barabara ikasukumwa juu uwandani, na kila mara inaporudi majini, kama pale Monistrol-d'Allier, inalazimika kupanda tena. Nilikuwa naufuata mto kwa siku nzima nisiuone, mpaka nikafika Langogne miguu ikitetemeka. Kesho yake nikapandisha baiskeli kwenye treni ya kurudi. Handaki baada ya handaki, dirisha likifunguka ghafla kwenye mwanga, Allier ulikuwa pale chini ya kioo, wa kijani, karibu kiasi kwamba niliweza kuhesabu mawe yake.